Tangi Lisilo na Samaki

Kila asubuhi Kindness aliamka kabla ya baba yake, akawasha moto, akabandika chai na kufagia uwanja. Tangu mama yake afariki, kazi hizo zilikuwa zake. Baba yake, Mzee Sifael, alikunywa chai amesimama, akilalamika kwamba viongozi wa mfereji wamejipa maji wao kwanza na majaruba ya mpunga ya wengine yamekauka. Kisha baba alikwenda kwenye mpunga wake, naye Kindness akaenda shuleni, darasa la sita, hapo hapo kijijini Chekereni.

Muhula ule wageni wafadhili waliipa shule tangi la kioo la kufugia samaki. Mwalimu mkuu, Mwalimu Filbert, alipiga nalo picha, halafu akamtangaza mtunzaji: Pamela, binti wa mwenyekiti wa kamati ya shule. Hakuuliza nani anawajua samaki. Angeuliza, darasa zima lingemtaja Kindness, maana hakuna aliyemshinda kukamata perege mferejini.

Wivu ulimchoma Kindness kama mwiba. Akimwona Pamela anafuta kile kioo, hata uji wa mapumziko ulimshinda. Na tangi lenyewe halikuwa na samaki. Wiki zilipita, kipampu kinanguruma, maji yanapita kwenye sponji ya kuyachuja, basi.

"Dada mlinzi," Kindness alimtania mbele ya wenzake, "maji yako hayajatoroka?"

Watoto walicheka. Pamela alijibu bila kugeuka, "Mwalimu Bernadetha wa sayansi kasema tusubiri. Kuna vijidudu vizuri vinakua ndani ya sponji. Naweka chakula kidogo kioze, navyo vinakula ule uozo. Vikiwa vingi vitasafisha uchafu wa samaki. Tukiwaweka sasa hivi samaki wataugua kwa uchafu wao wenyewe."

"Perege wangu wanaishi kwenye tope. Hawajawahi kumsubiri mtu."

Siku moja Mwalimu Filbert alipita, akakunja uso. "Keshokutwa wageni wanarudi. Nitawaonyesha maji?"

Kindness alisikia, akapata wazo. Jioni, kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya usafi, alibaki darasani peke yake. Alikuwa ameshakamata perege kwa kipande cha chandarua na kuwaficha kwenye ndoo. Alipochungulia tangini akaona sponji ya kahawia, inateleza. "Mlinzi gani mchafu hivi," alisema, akaifikicha kwa sabuni mpaka ikawa nyeupe. Akairudisha, akawamimina samaki. Kesho watu wakishangaa, atasema ni yeye.

Kesho yake samaki walikuwa juu ya maji, wanahema. Wawili walielea kwa ubavu, wamekufa. Kindness akajificha nyuma ya wenzake.

"Pamela," Mwalimu Filbert alifoka, "wageni ni kesho, na wewe unaniulia samaki."

"Sikuwaweka mimi, mwalimu."

"Wameingia humo wenyewe? Nasikia Kindness anawajua samaki; mpe hicho kitambaa cha kioo. Kuanzia leo tangi ni lake."

Hicho ndicho alichokuwa akikitamani muhula mzima. Pamela alifuta machozi kwa kiganja, akamkabidhi kitambaa, akanong'ona, "Usiioshe sponji hata ikiteleza. Ule utelezi ndio vijidudu vyenyewe."

Kindness akaitazama sponji, nyeupe kama pamba.

Mwalimu Bernadetha aliingia akachovya kidole. "Maji haya yana sabuni. Nani kayagusa? Nikijua kilichofanyika, nitajua pa kuanzia kuwaokoa hawa waliobaki."

Perege mmoja alifungua mdomo, akafunga, akafungua tena.

"Ni mimi, mwalimu," Kindness alisema. "Niliwaweka jana jioni, na sponji nikaiosha kwa sabuni. Pamela hana kosa."

Wale samaki walihamishiwa haraka kwenye beseni la maji ya mfereji. Waliobaki hai wakaanza kuzunguka polepole. Kindness aliwarudisha mferejini huku wenzake wakimtazama, na hakuna aliyemsemesha.

Mzee Sifael aliitwa, akaja na tope miguuni. Aliposikia yote alimgeukia kwanza mwalimu mkuu. "Salamu hujazisikia kwa sababu nina hasira, mwalimu. Wakubwa mnapeana vyeo kwa kujuana, halafu mnashangaa watoto kuoneana wivu." Mwalimu Filbert alikohoa, akatazama dirishani. Kisha baba akamgeukia binti yake. "Na wewe. Kosa lao ni lao. Lako ni lako. Mwombe mwenzio radhi."

Kindness aliomba radhi. Pamela alikubali kwa kichwa tu.

Wageni walikuta maji matupu, na Mwalimu Bernadetha akawaeleza kwa nini. Tangi lilioshwa, likaanza upya. Kindness ndiye aliyeteka maji, Pamela ndiye aliyeweka chakula, kila siku, bila maneno mengi. Sponji ilirudi kuwa ya kahawia taratibu. Mwalimu Bernadetha alipoyapima maji na kuridhika, Pamela ndiye aliyesema, "Katukamatie perege. Wachache kwanza, wadogo."

Siku perege hao walipoingia tangini, Kindness alimwambia baba yake kwamba samaki wanakula na wanacheza. Mzee Sifael alinawa mikono, akakaa kwenye kigoda.

"Mwanangu, mwenye wivu hutaka kuvuna shamba alilolima mwenzake, na akipewa hujikuta ameshika jembe kwa upande wa chuma," alisema. "Ukitaka kitu, jifunze kwanza kazi yake, na uvumilie kazi hiyo ikomae. Hapo hata wakubwa wakikunyima, ujuzi hawawezi kukunyang'anya."