Mdai Mpole

Ndugu zangu na majirani zangu, nyumba ya Fundi mnaijua. Wengi wenu mmekalia makochi yaliyotoka humo, na dada zetu wengi walisukwa nywele kwenye kibaraza chake. Lakini yaliyotokea ndani mliyasikia vipande vipande. Mimi naomba niyaseme yote pamoja, kwa sababu naona wengine tunaelekea kulekule.

Jumamosi asubuhi nyumba ile ilipendeza. Fundi alikuwa sebuleni akivalisha kochi kitambaa, misumari midogo ameibana kwa midomo, hata ukimsalimu anakujibu kwa kichwa. Mkewe, ambaye sote tulimwita Msusi, alikuwa kibarazani na wateja wake, mmoja mkekani, wengine wakingoja zamu na kupiga soga. Binti yao mdogo alikuwa akiokota springi zilizochakaa na kuzirusharusha. Bibi, mama yake Fundi, aliketi mlangoni akishona mito kwa mabaki ya vitambaa. Nyumba hiyo aliijenga marehemu mumewe, na alipofariki, Bibi mwenyewe ndiye aliyetaka iandikwe jina la mwanawe. Alisema, "Mimi ni mtu wa kuondoka. Iandikeni kwa anayebaki."

Basi mambo yakiwa matulivu hivyo, sauti ikapasuka nje.

"Kesho! We Fundi Kesho! Toka, leo ndiyo kesho!"

Alikuwa Mama Sponji, mwenye duka la sponji na vitambaa. Fundi akatema misumari kiganjani akatoka.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako nitaiweka wapi? Dukani kwangu haiuziki. Nataka pesa yangu."

"Kesho, mama yangu, bila kukosa."

"Kesho ipi hiyo? Ina jina? Ni Jumapili, au ni siku ya kiama?"

Wateja wa Msusi wakacheka hadi mwenye kusukwa akavutwa nywele. Fundi naye akacheka, lakini masikio yalimwiva.

Jina la Kesho halikumpata bure. Fundi alikuwa na mkono mzuri, ila kazi yake aliiendesha kwa kufukua shimo hili ili afukie lile. Mteja akileta malipo ya kwanza, Fundi ananunulia vifaa vya kochi la mteja aliyemtangulia. Yule wa mwisho daima alikuta kochi lake ni mbao tupu. Pesa ikikatika kabisa, anakopa kwenye simu, na mkopo wa simu analipa kwa mkopo wa simu nyingine. Wadai wakawa wengi, na kila mmoja na mdomo wake.

Makelele hayo angeyavumilia. Kilichomvunja ni siku watu wa mikopo ya simu walipompigia mama yake Msusi, mkwe wake, wakamwambia, "Mwambie mkweo alipe, ni mwizi." Mama wa watu alikuwa shambani. Aliacha jembe palepale.

"Mkwe!" Fundi alisema, ameshika kichwa. "Kati ya watu wote duniani, mkwe! Nitamtazama kwa macho gani?"

Wiki ile ile akaenda kwenye kampuni moja ya mikopo. Alirudi uso umenyooka.

"Mke wangu, tumepona. Naiweka nyumba rehani, nachukua mkopo mmoja mkubwa, nafunga hii midogo yote. Nabaki na mdai mmoja tu."

"Mmoja mwenye meno," Msusi akajibu. "Hawa wanabweka, baba, lakini hawang'ati. Ukiweka nyumba huko na wewe ni yuleyule wa kesho, je?"

"Unataka mama yako apigiwe tena?"

Msusi alikuwa ameguswa penye kidonda. Alikwenda akaweka sahihi.

Bibi naye alielezwa, maana Fundi hakutaka kumficha mama yake. Lakini sikilizeni alivyoelezwa.

"Mama, nyumba naiweka dhamana."

"Dhamana? Si ile ya polisi? Mtu akiwekewa dhamana anarudi nyumbani."

"Ndiyo, mama. Kama hiyo."

"Haya, kama itarudi, sawa."

Fundi alijua kwamba mama hakuelewa, akaona ni nafuu kwake kumwacha hivyo.

Pesa zikatoka. Fundi akazunguka kulipa, kifua mbele kama jogoo aliyenyeshewa akakauka. Ukawa mtaa wa kimya. Hakuna aliyeita langoni. Alitusimulia jinsi afisa wa kampuni alivyomvutia kiti. "Ameniita mheshimiwa! Mimi, niliyezoea kuitwa mwizi!"

Ndugu zangu, kimya kile kilitudanganya sote. Kwani deni lilikuwa limekufa? Lilikuwa limehama tu, kutoka kwa Mama Sponji limeingia kwenye paa.

Tena ubaya mwingine ukaja kwa sura ya heri. Kwa kuwa amelipa, milango yote ya kukopa ikafunguka upya. Mama Sponji mwenyewe alimwambia, "Chukua unachotaka, Fundi. Sasa wewe ni mtu." Akachukua. Akachukua sponji, akachukua vitambaa vya bei, akachukua na televisheni ya kulipia kidogo kidogo. Kazi akaiendesha vilevile, pesa ya huyu kwa kochi la yule. Haukupita muda mrefu, langoni jina la Kesho likaanza kusikika tena.

Hapo ndipo alipokosea kuliko kote. Kila akishika pesa, alimlipa aliyepiga kelele. Yule wa kampuni hakupiga kelele. Alikuwa akipiga simu kwa adabu: "Mheshimiwa, tunakukumbusha tu rejesho."

"Kesho, ndugu yangu."

"Hakuna shida, mheshimiwa. Riba inaendelea."

Msusi akisikia, alikuwa akimwambia, "Mlipe huyo kwanza! Hao wengine waache watukane, matusi hayatoboi paa."

"Huyo ni muungwana," Fundi alikuwa akijibu. "Huyo anaelewa."

Muungwana alielewa kweli. Alielewa hadi subira ilipokwisha, akaikabidhi nyumba kwa dalali, na dalali akaiuza. Watu wa dalali walipokuja kuitoa familia, walibisha hodi, wakasema samahani, wakavua na viatu kabla ya kuingia kubeba vyombo. Meza, masufuria, vioo vya Msusi, vyote vikapangwa uani.

Bibi akamwita mwanawe. "Nyumba itarudi lini?"

Msusi ndiye aliyejibu. "Mama, hii hairudi."

Mama Sponji alifika mbio, amesahau kufunga duka. Alizitazama zile sufuria uani.

"Fundi, mimi nimekuwa nikikudai tangu lini? Nilikutukana, kweli. Nilichukua hata kijiko chako?"

"Mlikuwa mnanitia aibu, mama."

"Aibu!" Akavinyooshea kidole vyombo. "Aibu ilishamng'olea nani mlango? Mimi niko hapahapa mtaani, ningekutukana hadi uzeeni. Nani alikutuma unilipe kwa paa la mama yako?"

Fundi akainama kupanga masufuria.

Bibi alikuwa amechoka kusimama, akaketi kwenye kochi jipya lililotolewa sebuleni. Mara akaja mwanamume mmoja na mkokoteni. Aliposikia nyumba imeuzwa, alikimbilia mali yake.

"Samahani, bibi. Hilo kochi ni langu, nimeshalilipia."

Bibi akainuka. Akapangusa kwa ncha ya nguo yake pale alipokuwa amekaa. "Lichukue, baba," akasema. "Mwanangu anashona vizuri."

Pesa iliyobaki baada ya deni, riba na gharama haikutosha hata kodi ya chumba cha miezi michache. Bibi alichukuliwa na mpwa wake, analala stoo, kati ya magunia. Msusi na binti yake wako kwa yule mama wa shambani, mkwe ambaye Fundi aliweka nyumba rehani ili asimwonee haya. Sasa mkwe ndiye anayewalisha. Fundi anafanya kibarua katika karakana ya mtu mwingine, na ukimsalimu anajibu kwa kichwa, ingawa midomoni hana msumari.

FUNZO

Ndugu msomaji, deni halifi kwa kuhamishwa. Kama mkono unaokopa haujabadilika, hata ukilipa watu wote leo, utawakuta tena. Kwanza badili mwendo wa kazi na wa matumizi. Kaa na wadai wako, hata wanaotukana, uombe kulipa kidogo kidogo. Mtu anayekutukana langoni bado anakuhesabu kuwa jirani. Nyumba wanamolala mama na watoto usiiweke rehani kwa ajili ya kuficha aibu, na ukilazimika, mweleze kila alalaye humo kwa maneno anayoyaelewa, hadi aweze kukataa. Na ukishaiweka, basi mdai mwenye paa lako ndiye wa kulipwa kwanza, hata akiwa mpole namna gani.