Mashuke ya Mama Mkwe

Kila asubuhi Esnah alikama ng'ombe, akachuma majani ya chai, kisha akapita kando ya mahindi yake bila kuyatazama. Angetazama nini? Mahindi ya kijiji kizima cha Kimulot yalikuwa yamekauka. Majani yaligeuka manjano, mmea ukafa, ugonjwa ukahamia shamba la pili na la tatu. Karibu kila mtu alipanda mbegu ile ile ya dukani, basi karibu kila mtu alikosa mavuno.

"Turudie wimbi," mumewe Obure alisema. "Mama alitulea kwa wimbi."

Moyo ulimuuma Esnah. Alitoka akaenda kwa jirani yake Chepkemboi, aliyekuwa katika kikundi cha wanawake wanaotunza mbegu za zamani.

"Mama Yunia, mbona uso imeanguka hivyo?" Chepkemboi alimuuliza.

"Natafuta mbegu ya wimbi, mama Kiptanui."

"Wewe? Si mama mkwe wako aliacha mashuke mingi juu ya jiko?"

Aliacha. Bibi Nyabate, mama yake Obure, alitundika mafungu matatu ya aina tofauti kwenye moshi, wadudu wasiyale. Alipofariki, waombolezaji walijaa boma, na kwa Wakisii kama wao mgeni wa matanga haachwi na njaa. Unga ulipoisha, Esnah aliangua mafungu yote, akasaga, akapika uji. Alisifiwa sana. Kweli, majuto ni mjukuu.

"Tulisaga yote," alisema, machozi yakimtoka. "Niliona ni wimbi tu."

"Haikuwa wimbi tu!" Chepkemboi alikasirika. "Ile nyekundu alikuwa anapikia mama amejifungua. Ya kahawia ilikuwa ya ugali ya wakwe, na inakomaa haraka mvua ikiwa kidogo. Nyeusi ni ya kubariki nyumba mpya, na hiyo tu ndiyo inavumilia baridi ya huko chini kwa mto. Kila moja ilikuwa na kazi yake kwa boma, ndiyo maana ilitunzwa. Tukiacha desturi, mbegu nayo inaenda."

"Si wataalamu watatengeneza ingine?"

"Watatoa wapi? Mtaalamu haumbi mbegu. Anachukua ile inashinda ugonjwa, anazalisha na ile inazaa sana. Hizi zetu zikiisha, atazalisha nini na nini?"

Hata hivyo aliingia ndani, akatoka na wimbi jekundu kwenye kibuyu. Nyabate ndiye aliyempa mbegu yake, mwanawe Kiptanui alipozaliwa.

Esnah alitafuta mengine sokoni Sotik na kwa akina mama wa kanisa. La kahawia alilipata kwa ajuza mmoja. Jeusi hakulipata. Kila aliyeulizwa alitikisa kichwa, na wengine walisema walilisahau hata jina.

Msimu ule wimbi lilikubali. Nyumba ilipata uji na ugali. Kabla mtu hajaonja, Esnah alichagua mashuke bora, akatundika kila aina peke yake, akawagawia majirani wawili, akapeleka mengine kwenye kikundi. Yunia, binti yake, alifundishwa kazi ya kila moja.

Lakini kule chini kwa mto baridi iliua kila walichopanda. Yunia alisimama kwenye udongo mtupu.

"Mama, hapa nyanya alikuwa anapanda wimbi gani?"

"Nyeusi."

"Iko wapi?"

Esnah aliinama, akashika jembe lisilo na kazi.

"Tulikunywa, mwanangu. Siku ya kumzika."