Kabla Mwenye Duara Hajasema

Ndugu zangu, nyumba ya Pantaleo pale Nyarugusu ilikuwa na amani ya kuonewa wivu. Asubuhi mkewe, Bernadina, aliwapikia wachimbaji uji, wakanywa huku wakitaniana, ndipo wakashuka kwenye duara, shimo lao la dhahabu.

Asubuhi moja ya mwaka wa tisini na tano, Pantaleo alisimama mbele yao. "Mwamba wenye dhahabu tutaufikia kabla ya mvua. Au vipi?"

"Tutaufikia, bosi," wakaitika wote.

Bernadina akashangaa. Mbona baada ya hapo, walipomjia mmoja mmoja kuchukua uji, walimnong'oneza kwamba haiwezekani? Udadisi ukamwasha. Akamvuta kando Makoye, mdogo wake wa tumbo moja.

"Wewe unaonaje?"

"Dada, chini kunavuja. Inabidi kwanza tuweke matimba, miti ya kushikiza kuta. Hiyo peke yake itakula muda."

"Sasa mbona umeitika?"

"Shemeji ameshatamka. Nani aanze kumpinga mbele za watu?"

Mnauona ugonjwa huo? Watu wazima, kila mmoja na ukweli wake mfukoni. Bernadina alimweleza mumewe, akajibiwa kwamba jikoni hakuchimbwi dhahabu. Matimba yakaachwa ili muda utoshe. Mvua zilipoanza, ukuta ukamporomokea Makoye.

Walimfukua akiwa hai, mguu umevunjika vibaya. Pale zahanati Pantaleo alilia waziwazi mbele ya mkewe. "Mama Suzana, mbona hawakuniambia?"

"Uliwauliza ukiwa umeshajijibu, Baba Suzana. Siku nyingine uliza, halafu unyamaze."

Walipotaka kuchimba tena, Bernadina aliwagawia punje za mahindi. Kila mtu afumbate punje sawa na wiki anazodhani zitahitajika kuufikia mwamba, kisha wote wafumbue kwa pamoja. Pantaleo alikuwa na punje mbili. Makoye, aliyeegemea mkongojo, kiganja chake kilijaa mpaka nyingine zikadondoka.

Pantaleo nusura acheke. Kisha akavuta kigoda, akaketi. "Hebu nieleze, shemeji. Wewe unaona nini ambacho mimi sikioni?"

Makoye akaeleza, na wenzake wakaongezea yao. Uji ulipoa siku hiyo.

FUNZO

Ukitaka kujua kazi itachukua muda gani, waulize watakaoifanya, na wewe mkubwa uwe wa mwisho kusema. Makadirio yakipishana usikasirike, uliza sababu. Nanyi mnaoitikia tu kwa woga, mtazameni Makoye. Anachechemea mpaka leo, na asubuhi ile yeye ndiye aliyeitika kwa sauti kubwa kuliko wote.