Kioo Kilikuwa Kimefungwa

Mnada wa Katesh siku hiyo ulifurika. Mbuzi walilia, wauza mitumba wakashindana kupiga kelele, na jua lilikuwa utosini. Katikati ya joto hilo akapita kijana amevaa sweta zito la kijani, limefungwa vifungo mpaka shingoni, na ukosi wa shati jeupe ukichungulia juu yake.

Juliana, fundi wa kushona barazani kwa duka la Basili, aliacha kukanyaga cherehani.

"Kaka, unaumwa malaria?"

"Hapana, dada. Nimezoea baridi."

"Baridi ya wapi? Mbulu?"

"Kwetu ni Maretadu, hukohuko Mbulu, lakini hii ni baridi ya trekta." Kijana akatoa kifua mbele. "Naitwa Tadeo Margwe, dereva wa shamba la ngano la serikali. Trekta langu lina chumba cha vioo na kiyoyozi. Nje watu wanaungua, mimi ndani natetemeka."

Juliana alicheka mpaka akajishika kiuno. Alivaa gauni la maua madogo alilojishonea mwenyewe, na bangili za shaba za kwao Gendabi zililia mkononi. "Watu wa Mbulu bwana! Mmeiacha baridi ya Mungu, mkaja kutafuta ya serikali!"

"Bila kiyoyozi vumbi lingeniua. Muulize mwenzangu Yoakimu, ameendesha trekta la wazi miaka kumi. Akikohoa, mbwa wanabweka."

Hapo hakudanganya. Yoakimu alikuwa ameharibika kifua kweli, kwa hiyo tusimcheke sana Tadeo. Kiyoyozi kile kilikuwa dawa kabla hakijawa anasa.

Basi sweta likaanza kukatika kifungo kila Jumamosi, na wote tunajua vifungo havikatiki hivyo. Juliana alikishona polepole, Tadeo akiwa ameketi kwenye kreti la soda akimtazama vidole. Katikati ya wiki walitumia simu ya dukani kwa Basili.

"Haloo? Naomba dereva Tadeo. Mwambie fundi wa sweta."

Severine, karani wa shamba, alicheka ofisi nzima ikasikia, kisha akamwita.

"Juliana wangu."

"Umekula?"

"Nimekula. Nakuwaza tu."

"Mwongo! Unawaza baridi yako."

"Ningekuweka humo ndani na mimi."

"Nigande? Niache na upepo wangu. Upepo unaleta habari."

Januari shamba liliongezwa upande wa Gendabi. Mipaka ilichorwa ofisini, na ofisini makaburi hayaonekani. Jumamosi moja Tadeo alifika dukani na kifungo chake mkononi, akamkuta Juliana amekaa tu, macho mekundu.

"Juzi trekta lilipita juu ya kaburi la babu," alisema bila kumsalimia. "Baba alisimama palepale na fimbo, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akaruka pembeni lilipomfikia. Dereva alimpungia mkono akaendelea. Dereva mwenye sweta la kijani."

Tadeo alikitia kifungo mfukoni.

"Kioo kilikuwa kimefungwa, Juliana. Sikusikia."

"Na macho je?"

"Nilidhani ananisalimia."

"Mzee wa miaka sabini akuamkie wewe? Tangu lini mkubwa anaanza kumwamkia mdogo? Kwenu Maretadu hawakukufundisha shikamoo?"

Tadeo aliondoka, kifungo hakijashonwa. Aliandika barua mbili, na zote mbili zilirudia maneno yaleyale: kioo kilifungwa, sikusikia. Alipopiga simu, Basili alipokea.

"Anasema hayupo."

"Lakini nasikia cherehani."

"Na mimi naisikia, mdogo wangu. Lakini anasema hayupo."

Aibu ilimkaa Tadeo kama moshi kwenye nguo. Wenzake walidhani anaumwa mapenzi. Laiti ingekuwa hivyo tu. Alijua peke yake kwamba alimwona yule mzee vizuri, mdomo wazi, fimbo juu. Alijua anazuiwa. Mkono wake ulifika kwenye kitasa. Ilikuwa saa nane mchana, nje vumbi limesimama, ndani kuna ubaridi mtamu na kaseti inaimba. Akaona uvivu kufungua. Akapunga mkono, na mara trekta likaruka juu ya kitu. Akaongeza sauti ya kaseti.

Mwezi wa nne ngano ilifika kiunoni. Severine akaleta habari: wazee wa Gendabi wanazunguka shambani wakilitafuta kaburi lao, lakini alama zote zimelimwa na ngano imelifunika, hawajui lilipo. Usiku huo Tadeo hakulala. Jumapili aliliacha sweta kitandani, akatembea kwa miguu mpaka Gendabi.

Juliana alikuwa uani akipepeta mahindi. Alipomwona, ungo ukasimama. Baba yake alikaa kwenye kigoda, amejifunika shuka.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alimtazama kwanza. "Marahaba. Wewe ndiye yule wa vioo."

"Ndiyo, mzee."

"Binti yangu anasema hukusikia."

Njia ya kujitetea ilikuwa hapo, imefunguliwa kwa ajili yake. Tadeo alimtazama Juliana, kisha akainamisha kichwa.

"Sikusikia, mzee. Lakini nilikuona. Nilijua unanizuia. Nilishika kitasa, nikaona nikifungua joto na vumbi vitaingia. Ndiyo maana nikakupungia mkono. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri."

Juliana alijifunika uso na khanga.

"Kwa ajili ya ubaridi," alisema mzee taratibu.

"Ndiyo, mzee."

"Ungekuwa kipofu ningekusamehe hapohapo."

"Najua. Lakini trekta liliruka. Nakumbuka mahali lilipo kaburi."

Walikwenda shambani wote watatu. Tadeo alianzia kwenye jiwe la mpaka, akahesabu hatua, akasimama mahali ambapo ardhi iliinuka kidogo chini ya ngano. Mzee alipiga magoti, akapapasa udongo kwa viganja muda mrefu. Kisha akaanza kung'oa ngano. Tadeo naye akapiga magoti akang'oa, machozi yakimtoka, na mzee hakumfukuza. Waling'oa mpaka mahali pakawa wazi, na mzee akaweka juu yake majani mabichi.

Jioni Juliana alimsindikiza mpaka njiani.

"Bado nina hasira," alisema. "Si ya trekta tu. Umenidanganya mara tatu."

"Niliona aibu."

"Na sasa?"

"Sasa zaidi."

Juliana alimtazama. Shati jeupe lilikuwa jekundu kwa vumbi, ukosi na yote. Alinyoosha mkono kulikung'uta, akaacha.

"Nikija na wazee wa Maretadu," Tadeo alisema kwa sauti ndogo, "baba atatupokea?"

"Waje. Lakini mshuke gari barabarani, mfike kwa miguu."

"Na kiyoyozi sitakiwasha tena. Naapa."

"Acha ujinga. Kifua chako nitakihitaji mpaka uzeeni. Kiwashe. Lakini ukimwona mtu amesimama mbele yako, Tadeo, zima, fungua, shuka chini, umwamkie."