Clem Alipogeuza Ndege

Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Ndege ilikuwa ndiyo kwanza imevuka vilele vya miti, na kile kiwanja cha vumbi walichorukia, kando ya kisima cha mwisho cha ranchi, kilikuwa nyuma yao.

Clem Hargrave alijua la kufanya. Jamani, si yeye aliyewafundisha marubani wote wa ranchi ile? Shusha pua, tua mbele, usigeuke nyuma hata iweje. Na mbele palikuwa na uwanda wa udongo mkavu, mpana, hauna hata kichuguu. Lakini mikono yake, iliyozoea kukata kona kwa ndege chini chini kila siku ikifukuza ng'ombe watoro, haikungoja ruhusa. Ikageuza ndege kurudi kiwanjani. Bawa la kushoto likazama, ndege ikaanguka ubavu vichakani.

Vumbi lilipotulia, Noelene, mpishi wa ranchi na abiria wake pekee, alikuwa amekaza meno kwa maumivu. Mguu wake ulikuwa umevunjika chini ya goti.

"Maji yako wapi?" aliuliza.

"Dumu limepasuka. Imebaki chupa hii."

"Na redio?"

"Imekufa."

"Alaa! Harusi ya binti yangu kesho, we Clem, na mimi nimekaa hapa na nzi!"

Clem alimvuta kivulini chini ya bawa, akaufunga mguu kwa vipande vya kreti na mkanda wake wa suruali. Noelene alimtukana kila alipokaza, na kila tusi alilistahili. Maji alimwachia yeye, mwenyewe akalowesha midomo tu. Akachoma tairi, moshi mweusi ukapanda. Kila alipoinua macho aliuona ule uwanda, umelala mtupu. Aibu ilimkaba kuliko kiu.

"Injini mbovu tu hiyo," Noelene alinong'ona, homa ikimpanda. "Usijilaumu, mwanangu."

Clem aliinama, akajifanya anakaza mkanda.

Alasiri gari la ranchi lilitokea likifuata moshi. Bronte, rubani aliyefundishwa na Clem mwenyewe, aliruka chini akamkumbatia. Noelene alimweleza Bronte jinsi injini ilivyozima mara tu walipopaa.

"Pole, mwalimu! Injini ikizima chini vile, wengi hawatoki hai. Umemwokoa mama huyu."

Noelene aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa rahisi kunyamaza, na Clem alitamani kunyamaza.

"Injini haikumvunja mguu," alisema. "Nimemvunja mimi. Niligeuka nyuma."

Bronte aliutazama uwanda, mkono wake ukaondoka begani mwa Clem.

Noelene alimkazia macho Clem mpaka wakampakia garini.

"Panda huku nyuma na mimi," akasema. "Nataka nikuone usoni njia nzima."