Mlenda wa Ijumaa

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, supamaketi ile ya Al Qusais ilikuwa haina pa kuweka mguu. Wahindi, Wabangali, Wafilipino, Waafrika wa kila rangi ya sare, wote walikuwa wamefuata jambo moja: saa hiyo ndipo mboga zilizochoka ziliposukumwa kwenye meza ya nyuma, karibu na mlango wa stoo, zikabandikwa karatasi ya njano ya bei iliyoshuka. Mwaka huo, 2007, mji ulikuwa ukijenga jengo refu kuliko yote duniani. Waliokuwa wakilijenga, na waliokuwa wakililinda na kulifagia, walikuwa hapa wakisukumana viwiko juu ya nyanya zilizopondeka.

Gibson hakuja kwa mboga. Alikuwa bado ndani ya sare yake ya ulinzi, shati la buluu lililopauka kwapani, kamba za viatu amezilegeza kwa sababu miguu ilikuwa imevimba tena. Kikapuni alikuwa na pakiti kumi za tambi, mikate bapa ya hubuz na chupa kubwa ya soda. Alipoipita ile meza akasimama ghafla. Chini ya figili aliona kitu ambacho hakuwa amekiona tangu atoke Kakamega miaka miwili iliyopita. Fungu moja tu, limesinyaa pembeni, lakini lenyewe.

Akalishika. Mkono mwingine, wenye bangili ya shanga nyeusi, ukalishika upande wa pili.

"Samahani kaka, hilo nimeliona mimi."

"Lakini mimi ndio nimelishika."

"Umeshika majani. Mashina ninayo mimi."

Aliinua macho. Msichana alivaa gauni refu la kijivu walilovalishwa mayaya wa vila, lakini kichwani alijifunga kitenge cha rangi ya chungwa, kimesimama kama anakwenda harusini. Hakuonekana mtu wa kuachia.

"Kwani wewe unajua hii ni nini?" Gibson akamuuliza.

"Mlenda. Mimi ni wa Mpwapwa, kaka. Nimeota meno juu ya mlenda."

"Kwetu ni mrenda."

"Uiteni mnavyotaka, ila uuachie." Akachungulia kikapu cha Gibson, akakunja uso. "Na utaupika na nini? Na hizo tambi?"

"Sijui kupika. Nilitaka tu kuwa nao."

Msichana akacheka, kisha macho yakamshuka hadi viatuni na kicheko kikakatika. "Hiyo miguu ina nini?"

"Kusimama. Niko getini kule Freezone, masaa kumi na mbili."

"Kusimama peke yake hakuvimbishi hivyo. Ni hiyo chumvi ya pakiti na hiyo soda. Unasikia kizunguzungu?"

Gibson alitaka kukana. Mwezi uliopita alianguka getini mbele ya malori, na supavaiza akamwandikia karatasi: akianguka tena, anakatiwa tiketi ya kwao. Hakuwa amemwambia mtu.

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni yaya. Baba yangu alikuwa na miguu kama hiyo, na sisi tukamwambia apumzike tu. Tumemzika." Akavuta fungu kwa upole, na safari hii Gibson akaachia. "Naitwa Frida. Rudisha hizo tambi zote, kaka. Chukua dengu. Ijumaa ijayo nitakuletea mlenda uliopikwa."

Alizirudisha. Hata yeye hakujua kwa nini alimtii mtu asiyemfahamu.

*

Hivyo ndivyo walivyoanza. Frida hakuruhusiwa kuongea na simu mbele ya madam, mwajiri wake, kwa hiyo alimbipu mara mbili akiwa jikoni, na Gibson akapiga. Kila simu ilianza na neno lile lile.

"Umekula nini?"

"Hata salamu hakuna?"

"Ukishaniambia umekula nini nitajua kama u mzima. Sema."

"Wali wa kambi."

"Na nini?"

"Na mchuzi."

"Mchuzi wa nini?"

"Wa maji, mpenzi. Na kipande cha kuku kilichopita hapo kikaaga."

"Chukua tango lako, kata humo. Kabichi unayo?"

"Ninayo. Naftali wa chumbani ananiita sungura."

"Mwambie sungura haanguki getini."

Alimfundisha mji kwa mlango wa tumbo. Alimwonyesha duka la Wahindi lenye dengu na maharage ya magunia, ambako kipimo cha mkono kinazidi cha pakiti. Alimfundisha kuloweka maharage asubuhi anapokwenda kazini, ayakute yamelainika, kwa sababu jiko la kambi ya wafanyakazi lilikuwa na foleni na mwenye maharage magumu hapati zamu. Dagaa wakavu kidogo kuliko nyama nyingi ya mafuta. Ndizi zenye madoa, za karatasi ya njano, ndizo tamu. Maji badala ya soda. Gibson alilalamika kila siku na kutii kila siku, na uvimbe wa miguu ukapungua mpaka akakaza tena kamba za viatu.

Na Ijumaa, baada ya ibada, walikaa kwenye nyasi za bustani iliyo karibu na kituo cha basi. Frida alifungua kopo la aiskrimu lililooshwa likang'aa, ndani mna mlenda na bamia na dagaa, na ugali wa ule unga wa njano wa mahindi wanaouza Wahindi.

"Na wewe?" Gibson aliuliza kila mara.

"Mimi nimeshashiba kwa madam. Kula."

Alikula, naye akamtazama mdomoni kama anayehesabu matonge. Huko ndiko Gibson alikoamua kwamba atamwoa. Mkataba wa Frida ulikuwa unaisha mwaka uliofuata, mwezi wa sita. Madam angemuuliza kama anaongeza miaka miwili au anakwenda. Gibson alitaka awahi kumuuliza la ndoa.

*

Mwaka uliofuata mchele ulipanda. Dunia nzima ilipiga kelele, lakini kelele ya kambi haikuandikwa popote. Kampuni ilipunguza chakula cha walinzi, ikabandika tangazo kwamba ni kwa muda. Huo muda haujaisha hadi leo. Wenye ofisi za vioo waliendelea kula saladi, na watu waliowafungulia mageti wakaanza kuchungulia sufuria za wenzao.

Ndipo kopo la Frida likaonekana.

Gibson alikuwa amelirudisha chumbani, limebaki mchuzi, alioshe. Naftali, aliyelala kitanda cha juu, Mkenya mwenzake mwenye ulimi wa wembe, akaligeuza. Kwenye kifuniko palikuwa na plasta nyeupe imeandikwa kwa kalamu: Sultan.

"Maze Gibson, Sultan ni nani?"

"Mtoto wa madam wake."

"Aa." Naftali akawageukia wenzake saba chumbani. "Mnaona? Sisi tunalia njaa, kumbe mwenzetu anakula kwa arbab, mezani pa tajiri. Sultan akishiba, kinachobaki kinafungwa kinaletwa kwa Gibson."

Chumba kikacheka. Walikuwa na njaa, na kicheko chao kilikuwa na njaa.

"Anapika mwenyewe," Gibson akasema.

"Atoe wapi? Yaya ananunua dagaa? Umewahi kumwona akila na wewe hata siku moja? Mtu hali makombo aliyobeba, bro. Anajua yametoka wapi."

Neno hilo ndilo lililomwingia. Kweli, hakuwahi kumwona akila.

Angeweza kuuliza. Simu ilikuwa mfukoni. Lakini Gibson alikuwa amesimama miaka mitatu kwenye geti akiitwa kwa kubofyewa honi, na kiburi chake chote alikuwa amekiweka mahali pamoja tu, kwa Frida. Kuguswa hapo hakukuvumilika.

Ijumaa alifika bustanini na maneno ya posa aliyoyapanga tangu Jumamosi yamegeuka mengine. Frida alivaa gauni jipya la kijani, la kwake mwenyewe, na hereni. Alikuwa na jambo la kusema; uso mzima ulikuwa nalo. Akafungua kopo.

"Umekula nini leo?" akamtania.

"Sultan alikula nini?"

"Nini?"

"Nakuuliza alichobakisha Sultan. Ndicho nimekula mwaka mzima, si ndiyo?"

"Gibson, unasema nini?"

"Nasema mimi si mbwa wa madam wako."

Akalisukuma kopo kwa mgongo wa mkono. Lilipinduka. Mlenda ukamwagika kwenye nyasi na mchanga, ukavutika taratibu kama kawaida yake.

Frida alipiga magoti, na gauni lake jipya, akauzoa kwa kifuniko hata uliokwisha kuingia mchanga. Midomo ilifunguka mara moja kama anayetaka kueleza, ikajifunga. Kulikuwa na jibu, lakini kulisema ilikuwa aibu kubwa kuliko kutukanwa.

"Sawa, Gibson," akasema. Akainuka, akaenda kituoni, akaacha kopo.

*

Simu haikupokelewa. Siku tisa, kisha ishirini. Gibson alirudi kwenye tambi, kwa hasira kwanza, baadaye kwa uvivu wa mtu asiyeulizwa amekula nini. Miguu ikavimba. Getini alijishikilia kwenye nguzo supavaiza akipita.

Ijumaa ya nne alikwenda kusimama kwenye meza ya nyuma, akijifanya anachagua vitunguu. Frida hakuja. Alikuja Masuda, yaya wa vila ya jirani, Mzanzibari mnene wa maneno machache, aliyewaona pamoja mara nyingi.

"Wamtafuta nani?"

"Shikamoo dada. Frida."

"Marahaba. Frida wa kumwagiwa chakula?" Masuda akaweka chini mfuko wake. "Hebu nambie, ulidhani madam yule humpa mtu makombo akatoka nayo? Hampi chakula hata Frida mwenyewe. Humpa posho ya mwezi, ndogo, ajinunulie. Posho ile Frida alinunulia bamia zako na dagaa wako. Kapika jiko la nje, alfajiri, kabla ya wenyewe kuamka."

"Na yeye alikula nini?"

"Sultan alipobakisha, alikula. Kwa kusimama, penye sinki, kabla hajaosha sahani. Alipomaliza mtoto yote, alikunywa chai."

Gibson alishika ukingo wa meza ile. Watu walimpita wakichukua mboga mbele yake.

"Mkataba umekwisha," Masuda akaongeza, sauti imelegea. "Aondoka Jumatatu. Kesho madam anampeleka kununua mabegi, basi leo ndiyo leo. Nitamwambia aje bustanini magharibi. Akikataa, mimi sina la kufanya."

*

Alinunua fungu la mwisho la mlenda. Kambini alimwomba Naftali zamu yake ya jiko, na Naftali, alipoona uso wake, akampa bila utani. Gibson alipika kama alivyokuwa akisimuliwa kwenye simu: bamia zikatwe nyembamba, dagaa waoshwe mara tatu, magadi kidogo tu. Ugali ukatoka na mabonge. Akautia na mboga yake kwenye kopo lile lile, lenye plasta.

Frida alikuja na kitenge cha rangi ya chungwa. Alikuwa amekonda, na sasa ndipo Gibson alipoona kwamba alikuwa amekonda siku zote.

"Masuda ameniambia," Gibson akasema.

"Masuda ana mdomo."

"Nisamehe, Frida. Nilisikiliza watu kabla ya kukuuliza."

"Kuuliza ungeuliza tu." Akakaa. "Hiyo nini?"

"Kula. Nimepika mwenyewe."

Akafungua, akanusa, akatazama yale mabonge na karibu acheke. Akanawa kwa maji ya chupa, akala. Alikula taratibu, akiwa amekaa, bila mtu wa kumwita. Gibson alimtazama mdomoni. Alikula mpaka akakwangua pembe za kopo kwa kidole.

"Hukunibakishia," Gibson akasema.

"Hapana. Hii ilikuwa yangu."

Muadhini alianza. Gibson akasubiri amalize.

"Nikuoe— nataka kukuoa. Ongeza mkataba. Au twende wote, Mpwapwa, Kakamega, popote."

Frida alikunja mikono mapajani. "Ile Ijumaa niliyovaa lile gauni la kijani, madam alikuwa ameniuliza asubuhi. Nikamwambia nitampa jibu jioni. Nilitaka nikusikie kwanza." Akavuta pumzi. "Jioni nikamwambia khalas, naondoka. Ameshaleta msichana mwingine, yuko chumbani kwangu."

"Na mimi?"

"Nilikusamehe siku ile ile, Gibson. Ila siku ile ile nilijiona. Mtu mzima, nimekula juu ya sinki mwaka mzima ili mtu mwingine ashibe, halafu nikaona haya kusema. Nataka nikakae kwa mama nile mezani kwanza. Usiniwekee ahadi. Na mimi sikuwekei."

Basi lilifika. Alipopanda ngazi ya kwanza aligeuka, kwa mazoea tu, na Gibson akaliona swali kabla halijatoka.

"Jumatatu utakula nini?"

"Maharage," akajibu. "Nitayaloweka asubuhi."

Frida akaitikia kwa kichwa, mlango ukajifunga.

Jumatatu, ndege zilipokuwa zikipita juu ya geti la Freezone, hakujua ni ipi. Aliporudi chumbani maharage yalikuwa yamelainika. Akayapika, akala akiwa amekaa, na simu akaiweka karibu na sahani, huenda Frida angebipu.