Nyangi Aliyejitenga na Mtoto Wake

Nyangi hushona sare za shule mjini Isebania. Mwaka jana mguu wake wa kushoto ulikufa ganzi. Baadaye jicho moja likaingia ukungu, hata kutunga uzi kwenye sindano kukamshinda. Madaktari walimpiga picha ya ubongo, wakasema ana ugonjwa wa neva uitwao MS.

Daktari alieleza mengi. Nyangi na mumewe, Nchagwa, walirudi nyumbani na maneno mawili tu, virusi na vitamini. Nchagwa alishika la vitamini. Alinunua vidonge vya vitamini D sokoni, akamtaka mkewe ameze konzi nzima kila asubuhi. Nyangi alishika la virusi. Alijitengea sahani na kikombe, akawa anakula peke yake jikoni. Binti yao mdogo, Valentine, alipomkimbilia, alimsukuma. Mtoto alilia, na mama akalia zaidi. Aliogopa kumuua mwanawe.

Jirani yao Risper, ambaye ni muuguzi, aliyaona hayo alipokuja kuchukua sare. Aliuliza kulikoni, akaambiwa yote.

"Mama Valentine, hiyo virusi inaitwa Epstein-Barr," alisema. "Inapita kwa mate. Karibu sisi wote tuko nayo, na wengi wetu haitufanyi kitu. Hata Valentine pengine ashaipata."

"Sasa mbona mimi nikagonjeka?"

"Kwa watu wachache kinga ya mwili inakosea, inashambulia ganda la neva. Ni kama waya ya stima ikichunwa. Virusi inachangia. Kukosa vitamini D, sigara na damu ya ukoo pia zinaweza kuchangia. Sababu yote bado haijulikani. Lakini MS yenyewe haiambukizi."

"Hata nikimbusu?"

"Hata ukimbusu."

Kisha akamgeukia Nchagwa. Dawa ikizidi huwa sumu, alimwambia, na vitamini D nyingi huharibu figo. Mkewe apimwe damu, ameze kipimo cha daktari tu. Vidonge hivyo haviponyi MS. Dawa za daktari wa neva ndizo hupunguza mashambulizi. Nchagwa, bingwa wa konzi, alinywea.

Jioni Nyangi alimwita Valentine wale pamoja. Mtoto alisimama mlangoni, akiogopa kusukumwa tena. Mama alimega tonge, akanyoosha mkono, akangoja. Valentine alikuja polepole, akala.

Leo Nyangi anatumia dawa za hospitali. Jicho limepata nafuu na anashona tena. Mguu ungali mzito, na kesho bado inamtia wasiwasi. Ila mtoto wake hamwogopi tena.